A ya Pili

Ilikuwepo nchi, na kama hujafika usiulize njia, huenda umesimama juu yake. Iliitwa Tumesikia, kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo serikali yake ilimpa kila aliyepeleka shida. Daraja limekatika? Tumesikia. Hospitali haina dawa? Tumesikia. Wananchi wake walikuwa na bahati kubwa, maana zipo nchi ambazo serikali haisikii kabisa.

Katika mji mkuu palikuwa na Idara ya Vyeti, na katika Idara ya Vyeti palikuwa na mchapaji, Bi. Siwatu binti Kheri, mwenye miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliikalia kwenye kiti kimoja. Mtoto akizaliwa, cheti kilipita vidoleni mwake. Mtu akioa, kilipita. Mtu akifa, kilipita vilevile. Watu walisema huwezi kuingia duniani wala kutoka bila Bi. Siwatu kukugongagonga kwanza.

Alichapa kwenye kompyuta namba sita. Siku zilipoletwa zilikuwa sita, zikapokelewa kwa ngoma na mbuzi wawili, na Rais wa wakati huo alikuwa bado na meno yake. Namba moja sasa ilizuia mlango usipigwe na upepo. Namba mbili ilipasuliwa tumbo ili kuitibu namba tatu, zikafa zote. Namba nne ilikwenda kwa fundi, na fundi naye hakuonekana tena. Namba tano ilipelekwa makumbusho ya taifa, chini ya bango lililoandikwa "Mustakabali Wetu." Ikabaki namba sita, rangi yake kama meno ya mla ugoro, na kichwa chake kama cha mlevi: jambo la jana haikulikumbuka, kwa hiyo kila cheti kilichapwa upya tangu herufi ya kwanza.

Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kitufe cha A. Ukikibonyeza mara moja, kilitii. Kisha kilizama, kikakaa hukohuko chini kama mtoto aliyevunja sahani. Ukibonyeza herufi nyingine, kibodi nzima ilitikisika, A ikashtuka na kupanda. Lakini A mbili zikifuatana, ya pili ilitumbukia shimoni, kwenye kioo isionekane. Dawa ilikuwa moja tu: uandike A ya kwanza, uinue kidole, uvute pumzi, uitoe yote, ndipo ubonyeze ya pili. Na ole wako ukosee, maana kitufe cha kufutia kiling'oka zamani na hakikurudishwa. Serikali ya Tumesikia haikuona haja ya kifaa cha kufutia makosa, kwa kuwa haikuwa na makosa. Ukikosea, ukurasa unaanza upya.

Mwanzoni Bi. Siwatu hakuwa na subira ya pumzi. Mtaa ukawa mta, taa ikawa ta, na dunia ikaendelea. Mpaka mwaka ule wa ukame. Mkuu wa wilaya moja ya mbali alileta barua ichapwe upesi iende wizarani: "Wilaya yangu ina njaa." Ikachapwa upesi. Ikaenda: "Wilaya yangu ina nja." Wizarani wakafungua kamusi, hawakuiona nja. Wakajibu kuipongeza wilaya kwa kupata nja, wakaomba sampuli kilo mbili kwa ajili ya maonyesho ya kilimo. Watu wa kule waliendelea kufa kwa kitu ambacho hakimo kwenye kamusi, na kisichomo kwenye kamusi hakipo.

Vyeti vya vifo vilipoanza kumfikia mezani, kimoja kimoja, kisha kwa mafungu, Bi. Siwatu alivichapa vyote kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hakuiacha tena A ya pili. Alivuta pumzi. Aliyetaka kungoja angoje. Kila mwaka aliandika barua kuomba kibodi mpya, barua kumi na nne, na kila mwaka alijibiwa. Tumesikia.

*

Ukiacha mashine, palikuwa na kelele. Nyuma ya ukuta wa Idara ya Vyeti ilikaa Wizara ya Utulivu. Juu ya paa lake palifungwa vipaza sauti vinne, kila kimoja na mdomo kama wa karai, na kutwa nzima vilinguruma: "Wananchi, tulieni! Fanyeni kazi kwa utulivu! Utulivu ni tija!" Baina ya tangazo na tangazo, bendi ya wizara ilipiga wimbo wa utulivu kwa matarumbeta. Umeme ukikatika, jenereta liliwashwa chini ya dirisha la Bi. Siwatu, ili utulivu usikatike.

"Cheti cha nani?" Bi. Siwatu angeuliza dirishani.

"Cha mtoto! Asumini!"

"Nani ana sukari?"

"ASUMINI!"

Ndivyo walivyopatikana katika mji ule watoto watatu walioitwa Ana Sukari, na mmoja aliyeitwa Sema Tena.

Mwishowe foleni ya vyeti ikafika siku kumi na moja. Watu walilala pale, wakachumbiana pale, na mmoja aliyekuja kuchukua cheti cha ndoa alikuwa ameshaachwa alipofika dirishani. Serikali ikasikia. Ikaunda Tume ya Uzito wa Kazi, yenye wajumbe kumi na tisa, iende ikachunguze kwa nini Idara ya Vyeti inachapa polepole. Tume haikwenda Idara ya Vyeti. Ilipanda ndege ikazuru nchi saba. Ilirudi na masanduku arobaini na neno moja.

Mkurugenzi wa Idara, Mheshimiwa Sefu Lubawa, aliwakusanya watumishi wake awatangazie hilo neno. Alikuwa mtu mnene wa miaka sitini na saba, mwenye sauti ya kufungulia mikutano.

"Ndugu watumishi! Taifa ni gari. Gari letu haliendi. Kwa nini haliendi? Tume imegundua! Ni umri! Umri wa abiria!"

"Na injini, Mheshimiwa?" aliuliza Chiku, karani wa daftari, mwanamke wa miaka ishirini na tisa asiyejua kunyamaza.

"Injini haihusiki."

"Na dereva?"

"Kaa chini, Chiku."

Bi. Siwatu akanyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, Mheshimiwa. Wewe una miaka mingapi?"

Mkurugenzi akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali alilolitayarishia jibu nyumbani. "Mama yangu, umri wa kiongozi huitwa busara. Umri wa karani ndio huitwa umri."

Watu wakapiga makofi, maana kipaza sauti cha ukutani kilikuwa kimesema wapige.

Basi ikasomwa Sheria ya Kufaa. Kila mchapaji atapimwa. Atakayefikisha maneno arobaini kwa dakika atapewa Cheti cha Kufaa. Aliyepita miaka arobaini na mitano atakatwa neno moja kwa kila mwaka uliozidi, kwa kuwa mzee akichapa, baadhi ya maneno si juhudi, ni mazoea. Asiyefikisha ataandikiwa HAFAI kwa wino mwekundu, jina lake litabandikwa mlangoni, na kiti atakiacha siku hiyohiyo. Viongozi hawatapimwa, maana kumpima kiongozi ni kumtilia shaka.

Bi. Siwatu akapiga hesabu kwa vidole. Kumi na matatu yalikatwa kabla hajakaa. Ili afikishe arobaini, achape hamsini na matatu. Kwenye namba sita!

Ilimbakia miaka miwili astaafu, na kustaafu hakukumtisha. Alikuwa na kuku na alikuwa na wajukuu, na wote walimngoja. Kilichomchoma ni lile neno mlangoni. Miaka thelathini na mmoja, halafu aondoke kwa jina la uzee kwa kosa la kitufe? Watu aliowaingiza duniani kwa vidole vyake wapite wasome kwamba hafai?

"Sitoki hivyo," alimwambia Chiku. "Nikitoka, nitatoka na sababu yangu ya kweli imeandikwa."

*

Juma lililofuata Mkurugenzi alisafiri kwenda semina ya siku nne hotelini, semina iliyoitwa "Umuhimu wa Kiongozi Kuwepo Ofisini." Ufunguo wa ofisi yake ulikaa juu ya fremu ya mlango, mahali pa siri palipojulikana na idara nzima.

"Twende tukapime wenyewe," alisema Chiku.

"Kupima nini?"

"Kama ni wewe au ni mashine. Hivi huoni, mama? Tume nzima imezunguka dunia, haijakaa hata dakika moja kwenye hicho kiti."

Wakaanza mahali walipokuwa. Chiku akaweka simu yake mezani ihesabu dakika, akachukua ukurasa mmoja, akamkabidhi Bi. Siwatu. Namba sita, vipaza sauti vinanguruma, bendi inapiga: maneno kumi na tisa. Kisha akakaa Chiku mwenyewe, kijana, macho makali, vidole vyepesi kama vya mshona shanga. Maneno kumi na moja.

"Umeniaibisha," alisema Bi. Siwatu. "Nilidhani ujana ni dawa."

"Hii mashine inakujua wewe tu, kama punda wa mtu."

Ijumaa mchana, vipaza sauti vilipopumzika kwa ajili ya sala na jenereta likiwa limezimwa, Bi. Siwatu alichapa ukurasa uleule kwenye namba ileile. Ishirini na saba. Chiku akaandika. "Kelele peke yake, mama, inakula maneno manane kila dakika. Wizara ya Utulivu inakula, uzee bado haujala hata moja."

Ndipo wakaingia kwa Mkurugenzi. Mlango wake ulikuwa mnene kama godoro, zulia lilimeza miguu, na ulipofungwa Chiku alijipiga kibao sikioni akidhani amekuwa kiziwi. Mezani palikuwa na kompyuta mpya. Ilikuja mpya kila mwaka, na ya mwaka jana ilikwenda nyumbani kwake kupumzika. Ilikuwa bado imevaa nailoni, na juu ya nailoni ilifunikwa kitambaa cha kufuma cha waridi, na juu ya kitambaa palikuwa na maua ya plastiki.

"Hajaiwasha hata siku moja," alinong'ona Chiku.

"Asiiwashe, itamuumiza macho. Toa hayo maua."

Bi. Siwatu akakaa. Akaweka vidole. Vitufe vilikuwa laini kama ulimi wa ndama, na kila A iliyobonyezwa ilikuja, na ya pili ikaja nyuma yake mbio bila kuitwa. Hakuvuta pumzi hata moja. Chiku aliposema "Basi!" alihesabu mara tatu, kisha akakaa kwenye zulia.

"Sitini na moja."

Bi. Siwatu alitazama vidole vyake kama mtu aliyeonyeshwa watoto wake aliowadhani wamekufa.

"Ukikatwa kumi na matatu ya umri, yanabaki arobaini na manane," Chiku alisema. "Umefaulu, mama! Mbona unalia?"

"Silii. Nina hasira." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Miaka kumi na minne, mwanangu, nilirudi nyumbani nikijisemea, Siwatu umezeeka, Siwatu mikono imekufa ganzi. Kumbe nilikuwa sizeeki. Nilikuwa nazeeshwa."

*

Waliandika yote kwenye ukurasa mmoja, kwa mkono, wakaupeleka kwa mtaalamu aliyeletwa kupima watu. Aliitwa Bwana Ngoda, Mtaalamu wa Kasi wa Taifa, na saa ya kuhesabia sekunde aliitundika shingoni kama hirizi. Aliusoma ukurasa ule akiwa ameushika kwa vidole viwili.

"Huu utafiti umefanywa na nani?"

"Na sisi, baba," alisema Bi. Siwatu.

"Mmesoma wapi?"

"Mimi darasa la saba, hukuhuku. Huyu amesoma, amefika mpaka kidato cha nne."

"Mmezuru nchi ngapi?"

"Tulivuka korido."

Bwana Ngoda akacheka hadi saa yake ikarukaruka kifuani. "Utafiti wa korido! Bibi yangu, sikiliza. Tume imekwenda nchi saba. Matokeo yameshapitishwa, yamechapwa, yana picha. Sasa kilichobaki ni kupima tu."

"Kwa hiyo mnapima baada ya kujua jibu?"

"Ndiyo sayansi hiyo. Asiyejua jibu atajuaje kama kipimo kimekosea?"

Siku ya kipimo ilifika. Bi. Siwatu alikalishwa kwenye namba sita. Wizara ya Utulivu ilileta bendi ya pili kwa heshima ya shughuli, nazo bendi hazikuwa zimepatana zipige wimbo upi. Ukurasa wa kuchapwa ulikuwa Sheria ya Kufaa yenyewe, na kifungu chake cha kwanza kilisema: "Kila mkaazi wa mtaa, awe wa bara au wa bondeni, atafaa au hatafaa kwa kadiri ya saa na majira."

Angeweza kuzimeza zile A, akakimbia. Macho ya Bwana Ngoda yalikuwa kwenye saa, hayakuwa kwenye kioo. Lakini Bi. Siwatu hakuwa ameiacha A ya pili hata mara moja kwa miaka kumi na minne. Alivuta pumzi kwenye mkaazi, akavuta kwenye mtaa, akavuta kwenye saa.

"Maneno kumi na saba!" alitangaza Bwana Ngoda. "Toa kumi na matatu ya umri. Yanabaki manne. Manne, bibi! Kasuku angekushinda!"

"Kasuku husema analofundishwa, mwanangu. Hata tume huweza."

Chiku naye akapimwa, maana kiti kikibaki wazi kingekuwa chake. Kumi na mawili. Bwana Ngoda akaandika: "Kijana. Anafaa kwa matarajio."

"Lakini amenizidi!" Chiku alipiga kelele. "Kumi na saba na kumi na mawili, nani mkubwa?"

"Yeye ndiye mkubwa," alisema Bwana Ngoda. "Ndiyo maana ameshindwa."

*

Jina la Bi. Siwatu lilikuwa libandikwe mlangoni jioni ile, ila pakatokea kikwazo. Baada ya siku mbili ilikuwa ni Siku ya Kufaa, ambapo viongozi mia mbili na kumi na wanne, Bwana Ngoda akiwamo, wale ambao hawakupimwa, wangekabidhiwa Cheti cha Kufaa mbele ya umma. Vyeti vilitakiwa vichapwe. Na mtu aliyeweza kuiamrisha namba sita katika nchi nzima alikuwa mmoja, naye hafai.

"Utachapa kwanza, halafu utafukuzwa," alieleza Mkurugenzi kwa upole. "Kila kitu kwa utaratibu wake, mama."

"Kwa nini visichapwe kwenye ile yako?"

"Ile ni mashine ya heshima."

Bwana Ngoda akasimama nyuma ya kiti chake na ile saa. Bi. Siwatu akaandika CHETI CHA KUFA, akainua kidole, akavuta pumzi.

"Mbona umesimama?"

"Nangoja A ya pili, baba. Mashine hii ikiharakishwa inameza."

"Unaanza tena! Mashine, mashine! Maneno arobaini kwa dakika, ndiyo sheria. Kuvuta pumzi utavuta nyumbani kwako."

"Basi niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Hilo ulilosema. Mimi ni mtu mzima, nasahau. Si ndivyo tume ilivyogundua?"

Bwana Ngoda, kwa hasira, akaandika: "Mchapaji achape kwa kasi ya maneno arobaini. Kusimama kuvuta pumzi ni marufuku." Akasaini, akagonga muhuri. Bi. Siwatu akaikunja karatasi, akaitia kwenye pochi, akageukia mashine. Alikuwa mwanamke mtiifu. Siku ile alichapa kama mvua ya mawe, mpaka Bwana Ngoda akasema, "Unaona? Ukitaka unaweza!"

Vyeti mia mbili na kumi na vinne vikatoka. Mkurugenzi akavisaini kwa siku moja, akavigonga muhuri wa taifa. Alipiga sahihi bila kusoma, kwa sababu kusoma ni kazi ya makarani. Viongozi wakavipokea kwa matarumbeta, wakavitia kwenye fremu za dhahabu.

Wa kwanza kusoma cheti alikuwa mke wa Mkurugenzi, Bi. Zena. Alikipangusa vumbi ukutani sebuleni, akaona: "CHETI CHA KUFA. Inathibitishwa kwamba Mheshimiwa Sefu Lubawa ameangaliwa na kuonekana ni wa kufa." Saini ya mumewe mwenyewe. Muhuri wa taifa. Mwanamke akatandika mkeka, akajifunika kaniki, akaingia eda.

"Zena! Mimi niko hapa!" Mkurugenzi alipiga kelele mlangoni.

"Ondoka, baba. Mwenye eda haonani na wanaume."

"Mimi ni mumeo!"

"Mume wangu ana cheti. Wewe cha kwako kiko wapi?"

Jamaa wakaja kwa matanga, wakapika. Shemeji mmoja akaomba viatu vya marehemu, akavijaribisha mbele yake. Waziri wa Utulivu alipeleka jino hospitalini, akaambiwa maiti haing'olewi jino, inazikwa nalo. Bwana Ngoda alikwenda uwanja wa ndege asafiri kwa mkutano wa kasi, wakamwonyesha mlango wa mizigo: abiria wa aina yake husafiri ndani ya sanduku, tena amesindikizwa. Hata ile HAFAI ya Bi. Siwatu haikubandikwa, maana aliyepaswa kuisaini alikuwa marehemu.

Na sheria ya Tumesikia ilikuwa wazi. Cheti cha kufa hakifutwi mpaka marehemu afike mwenyewe Idara ya Vyeti, apange foleni, alete mashahidi wawili waliomwona akifa.

Wakapanga foleni. Foleni ya siku kumi na moja, juani, kama watu. Siku ya kwanza tu Waziri wa Utulivu akaziba masikio, akauliza, "Jamani, hii kelele ni ya nini?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamgeukia. "Huo ndio utulivu wako, Mheshimiwa. Sogea mbele, usivunje foleni."

*

Hawakufika dirishani. Siku ya tatu miguu iliwashinda, wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakamzunguka Bi. Siwatu kwenye kiti chake: Mkurugenzi Lubawa, Waziri wa Utulivu, Bwana Ngoda, na maofisa wengine marehemu.

"Umetuua!" alifoka Bwana Ngoda. "Jela inakuita!"

Bi. Siwatu akafungua pochi, akaitandaza ile karatasi mezani. Waziri akaisoma, kisha akamgeukia Bwana Ngoda.

"Saini ya nani hii?"

Bwana Ngoda akaikazia macho saa yake kama ndiyo iliyosaini.

"Waheshimiwa," alisema Chiku kutoka kwenye daftari lake, "dawa iko hatua ishirini kutoka hapa. Kibodi ya Mkurugenzi. Haijatolewa hata nailoni. Ichomekeni, achape vyeti upya, mtafufuka kabla ya chakula cha mchana."

Wakajitenga kwenye ile ofisi yenye mlango wa godoro, wakajadili hadi alasiri. Walitoka wamenawiri. Mkurugenzi alisafisha koo.

"Tumeona hivi. Tukibadilisha kibodi, tutakuwa tumesema kosa lilikuwa la kibodi. Na kosa likiwa la kibodi, zile nchi saba tume ilifuata nini? Heshima ya taifa haiwezi kuanguka kwa kitufe. Kwa hiyo, badala ya kubadilisha kibodi, tumebadilisha lugha. Kuanzia leo, kwa Amri ya A Moja, ni marufuku katika nchi hii kuandika A mbili mfululizo. Kufa, kiserikali, maana yake ni kufaa. Vyeti vyetu ni halali."

"Na wanaokufa kwelikweli?" aliuliza Chiku.

"Hao watatafutiwa neno. Tume itaundwa."

Waziri akavuta kiti, akakaa karibu na Bi. Siwatu, akalainisha sauti. "Sasa mama, limebaki jambo dogo. Amri inahitaji sababu. Wananchi watauliza vyeti vilikujaje hivyo. Utachapa taarifa fupi, useme wewe mwenyewe kwamba mashine ni nzima, pahali ni patulivu, ila umri umekushinda. Ukiichapa, tutakusamehe. Ile HAFAI haitabandikwa. Utakaa kiti chako miaka yako miwili, utastaafu kwa sherehe, na kipaza sauti kimoja tutakigeuza kielekee sokoni."

"Na nisipoichapa?"

"Utatoka sasa hivi, na mlangoni utaacha jina."

Chiku alikuwa amesimama. "Miaka miwili tu, Bi. Siwatu," alisema. "Wao wenyewe wanajua. Sote tunajua. Chapa, mama, ubaki."

Bi. Siwatu akamtazama yule mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Aliona jinsi atakavyokalishwa hapa kesho, mbele ya namba sita, kwa matarajio. Na jinsi, baada ya miaka kumi na minne, atakavyorudi nyumbani akijisemea, Chiku umezeeka. Na taarifa ya Bi. Siwatu itakuwa kwenye faili kuthibitisha kwamba mashine ni nzima.

Akaiweka karatasi sawa. Akavuta kiti.

"Vizuri," alisema Waziri. "Mtu mzima ana hekima."

Bwana Ngoda, kwa mazoea, akabonyeza saa yake. Viongozi wakainama nyuma ya bega la Bi. Siwatu kusoma. Nje bendi mbili zilikuwa zikigombana, na vipaza sauti vikimwamuru kila mtu atulie. Vidole vikashuka. N. A. K. A. T. A. Kisha vikasimama.

"Nakata," alisoma Mkurugenzi. "Unakata nini, mama?"

Bi. Siwatu aliinua kidole. Akavuta pumzi.

Waziri akatazama herufi zile sita, akakitazama kidole kilichoning'inia juu ya kitufe, na uso wake ukaanza kuelewa. "Mzuieni," alisema, lakini kipaza sauti kilimpokonya neno, na aliyekuwa karibu akajibu, "Naam, Mheshimiwa? Mzee nini?"

Bi. Siwatu hakuharakisha. Aliitoa pumzi yake polepole, yote, ya miaka thelathini na mmoja, mpaka ikaisha. Akashusha kidole.

Kwenye kioo cha namba sita, A ya pili ikatokea, ikasimama ubavuni mwa mwenzake, kinyume cha sheria.